Macho Mawili

Mwezi wa tisa, zabibu zimekwisha kwenda.
Kreti za mwisho amepakia mnunuzi
aliyekata kilo mbili kwa kila kreti, eti za unyevu.
Shamba la Mbabala limebaki majani
na nyuki wachache ambao hawajapata taarifa.
Nikamwambia Yoeli: twende mahali.
Akauliza: nani amefariki?

Hakuna aliyefariki. Hakuna anayeoa.
Nataka kwenda Singida nikalitazame ziwa,
siku tatu, turudi.
Akanyamaza kama mtu anayetafuta senti iliyomdondoka,
kisha akainama uvunguni
akalivuta sanduku la harusi yetu,
lile la bati, la maua mekundu,
ufunguo wake ulipotea kabla ya mtoto wa kwanza.

Akaanza kupakia.
Blanketi, maana Singida kuna upepo.
Sufuria, maana huwezi kujua.
Koti la kanisani. Panga.
Panga la nini, Yoeli?
La njiani.
Tochi mbili: moja ya kumulika,
nyingine ya kuitafuta ile ya kwanza.
Dumu la maji, maana maji ya watu hayajulikani.
Nusu debe la karanga.
Za nani? Singida hatuna ndugu.
Tukimpata je?

Nilikaa kitandani nikimtazama
mtu huyu ambaye kwa mkasi namwamini kuliko wote.
Kila msimu hupita shambani mstari kwa mstari
akikata matawi mabichi, yenye afya, yasiyo na kosa,
nami namfuata nyuma nikiyaokota, roho ikiniuma.
"Acha macho mawili," huniambia.
"Mzabibu ukiuonea huruma utakulipa majani."
Mkono ule ule
sasa ulikuwa unakunja shuka la nne.

Nikaenda stoo. Nikaurudisha mkasi,
nikauweka juu ya sanduku.
Sikusema neno.

Aliutazama kitambo.
Nje, mbuzi wa Mama Sechelela alikuwa anatafuna
kitu ambacho kwa mlio wake hakikuwa majani.
Kisha Yoeli akatoa sufuria.
Akatoa dumu. Koti likarudi msumarini.
Panga lilitoka kwa shida, kama jino.
Karanga tulimpa Mama Sechelela,
ambaye alizipokea na kuuliza, kwa sauti ya chini,
nani amefariki.

Redio aliikumbatia.
Nikamwachia redio.
Hata kwenye mzabibu kuna tawi moja
mkasi hulikwepa, na mkataji haulizwi.

Basi yote yakaingia kwenye kapu langu la kikoba:
kanga moja, shati moja, miswaki,
redio ikichungulia juu kama kuku wa zawadi.

Stendi, konda alifungua buti la basi
akasubiri.
Mizigo iko wapi, mama?
Ndiyo hii.
Akalitazama kapu, akatutazama sisi,
akalifunga buti taratibu, kwa heshima.
"Poleni sana," akasema.
Tukasema, tumeshapoa.

Kitu ambacho sikukitegemea ni mikono.
Miaka thelathini na mmoja sijawahi kumwona Yoeli
safarini bila kitu cha kushika,
jogoo, ndoo, mtoto wa mtu.
Hadi Bahi aliiweka magotini, akaiondoa.
Akaikunja kifuani. Akakuna sikio lisilowasha.
Mabonde ya mpunga yakapita, makavu,
naye akihesabu vidole kama anayehofia
kimoja kimesahaulika nyumbani.

Karibu na Manyoni, mbele za watu,
mkono wa kushoto ukaja ukatua juu ya wangu.
Hakunitazama. Alitazama dirisha.
Ulikuwa na magamba ya utomvu, na kovu la mkasi,
na ulikuwa mzito,
uzito ambao mnunuzi yule
asingepata pa kuukata.

Ziwa tulikuwa bado hatujaliona.